Msimulizi Aliyekatizwa

Mwalimu wa fasihi anayemsomesha mwanafunzi sura ya pili kabla ya ile ya kwanza hana haki ya kumlaumu akiuliza huyu ni nani na yule katoka wapi. Hayo ndiyo yaliyoisibu Firefly, tamthilia ya televisheni ya Joss Whedon iliyoanza kuonyeshwa Marekani Septemba 2002. Kituo cha Fox kiliiweka kando sehemu ya kwanza, iliyowatambulisha wahusika, kikaanza na kisa cha wizi ndani ya garimoshi. Utangulizi ulikuja kuonyeshwa Desemba, tamthilia yenyewe ikiwa imekwisha kufutwa. Kati ya sehemu 14 zilizotengenezwa, ni 11 tu zilizorushwa hewani. Sababu? Uchache wa watazamaji! Unamvuruga msimulizi, kisha unamwadhibu kwa kutoeleweka.

Diski za tamthilia hiyo zilipotolewa mwaka 2003 zilinunuliwa kwa wingi, na kampuni ya Universal ikakubali kuiendeleza kwa filamu. Serenity, iliyopewa jina la chombo cha angani cha Nahodha Malcolm Reynolds, ilitoka Septemba 2005.

Nawasihi walimu wenzangu wautazame mwanzo wake. Whedon alikuwa na hadhira mbili: wanaowajua mabaharia wale kama ndugu zao, na wageni wasiojua lolote. Sauti inaeleza jinsi wanadamu walivyoihama dunia na jinsi serikali kuu ilivyozitiisha sayari zilizotaka kujitawala. Kumbe ni sauti ya mwalimu darasani! Mtoto River anapinga somo: watu hawapendi kuingiliwa maishani mwao. Punde twagundua kuwa darasa lile ni ndoto, na River, sasa msichana, amefungwa katika maabara ambamo ubongo wake unachokorwa. Kakaye, daktari Simon, anamtorosha. Mara picha inaganda, na jasusi wa serikali anapita katikati yake, kwani tulichokuwa tukitazama ni kumbukumbu iliyorekodiwa. Kwa dakika chache, mgeni amepewa historia, dhuluma na adui, naye mwenyeji hajachoshwa.

Bei ililipwa, sikatai. Katika tamthilia, Simon aliwalipa watu wengine wamtoroshe dadaye; katika filamu anaingia mwenyewe. Mchungaji Book, ambaye siri ya maisha yake ilikuwa ikifunuliwa tone kwa tone, anauawa siri hiyo ikiwa bado kifuani mwake. Saa mbili hazina subira ya kipindi cha kila wiki.

Hata hivyo, kiini cha filamu ndicho kinachonifanya niitetee. River amebeba siri ya sayari ya Miranda, ambako serikali ilitia dawa hewani ili watu wawe watulivu. Walitulia hata wakaacha kufanya kazi, wakaacha kula, wakafa milioni 30. Wachache dawa iliwageuza kuwa wala watu. Ushahidi uliosalia ni picha iliyorekodiwa na mtafiti mmoja kabla ya kuuawa, na mabaharia wanahatarisha maisha yao ili irushwe hewani, kila mtu aione. Mwandishi aliyenyimwa mawimbi ya televisheni anatunga kisa cha watu wanaofia haki ya kurusha matangazo! Rubani Wash, kipenzi cha watazamaji, anauawa mara tu anapokitua chombo karibu na mtambo huo. Wapo waliokasirika hadi leo. Mimi naona kwamba bila kifo hicho tungetazama vita vile tukijua kuwa hakuna atakayeumia.

Filamu iligharimu takriban dola milioni 39, ikaingiza takriban 40 katika majumba ya sinema duniani, fedha zisizotosha kuwashawishi wenye mali wagharimie nyingine. Hivyo safari inakomea pale nahodha anapoketi na River kwenye usukani, akimweleza kwamba chombo hubaki angani kwa kupendwa. Wanapaa, na papo hapo kipande cha bati kinabanduka nje.