Mwandishi Aliyezitilia Shaka Hadithi Zake

Askari apendaye kubuni hadithi huketi baada ya zamu akiwa na daftari na kalamu, kisha husita. Hujiuliza: "Niandike nini? Maisha yangu ni gwaride, lindo na kungojea mwisho wa mwezi. Na kisa kile kilichowavunja mbavu wenzangu, je, kitamchekesha mtu asiyenijua?" Mwishowe daftari hufungwa, na kurasa zake huandikiwa hesabu ya unga na sukari.

Mashaka ya namna hiyo si dalili ya kukosa kipaji. Yalimsumbua hata mtu ambaye leo huhesabiwa miongoni mwa mabingwa wakubwa wa hadithi fupi duniani, naye ni Anton Chekhov wa Urusi.

MWANA WA MWENYE DUKA

Chekhov alizaliwa mwaka 1860 katika mji wa bandari wa Taganrog, kusini mwa Urusi. Babu yake alikuwa mtwana wa shamba aliyejikomboa kwa fedha, na baba yake aliuza vyakula dukani. Mwaka 1876 duka lilifilisika, baba akakimbilia Moscow kwa kuwaogopa wadai. Kijana Anton alibaki Taganrog ili amalize shule, akijitafutia riziki kwa kuwafundisha watoto wa watu. Mwaka 1879 aliwafuata wazazi wake, akaingia Chuo Kikuu cha Moscow kusomea udaktari.

Kwa kuwa nyumbani fedha hazikutosha, alianza kuandika vichekesho katika magazeti ya wiki, na cha kwanza kilichapishwa mwaka 1880. Hakutia jina lake halisi, bali alijiita Antosha Chekhonte. Kabla mwaka huo haujaisha, gazeti lile lile lilimjibu hadharani, katika safu ya majibu kwa waandishi, kwamba ananyauka hata kabla ya kuchanua. Hebu fikiri uchungu wa kijana wa miaka ishirini anayesoma maneno kama hayo!

Hata hivyo alirudi kalamuni. Tangu mwaka 1882 aliliandikia gazeti la vichekesho la Oskolki, ambalo mhariri wake hakupenda hadithi ipite mistari mia moja hivi, na malipo yalikuwa kopeki 8 kwa mstari. Mahali pa kuandikia hapakuwa na utulivu. Katika barua ya mwaka 1883 alilalamika kwamba mtoto wa mgeni analia chumba cha pili, baba anamsomea mama kitabu kwa sauti, na mtu mwingine amefungulia sanduku la muziki. Familia zinazoishi katika nyumba za kambi, ambamo ukuta mmoja hugawa jamaa mbili, zitaelewa hali hiyo bila maelezo.

HADITHI ZILIZO KARIBU

Je, alizipata wapi hadithi nyingi hivyo? Mwandishi mwenzake, Vladimir Korolenko, alisimulia kwamba siku moja Chekhov aliangaza macho mezani, akachukua kitu cha kwanza alichokiona, yaani kisahani cha majivu ya sigara, akasema kuwa akitakiwa, kesho yake ataleta hadithi yenye jina hilo.

Wala hakuwa akijigamba. Hadithi yake ya mwaka 1883 kuhusu kifo cha karani ilianza na chafya tu. Karani yuko katika jumba la michezo, anapiga chafya, na mate yanamrukia jenerali mmoja mzee aliyeketi mbele yake. Anaomba radhi, naye anasamehewa. Anaomba tena wakati wa mapumziko. Kesho yake anamfuata jenerali ofisini, na kesho kutwa anakwenda tena, hata jenerali anaghadhibika na kumfukuza. Karani anarudi nyumbani, anajilaza bila kuvua sare yake ya kazi, anakufa.

Kichekesho hapo si chafya, kwa maana kila mtu hupiga chafya. Kinachochekesha ni hofu ya mtu mdogo mbele ya cheo, hofu inayoendelea kukua ingawa jambo lenyewe limekwisha. Msomaji hucheka, kisha hukumbuka siku ambayo yeye mwenyewe alitetemeka mbele ya mkubwa wake bila sababu.

Hali ni hiyo hiyo katika hadithi ya "Kinyonga" ya mwaka 1884. Mkaguzi wa polisi anakuta mtu aliyeumwa kidole na mbwa, naye anaahidi kumwadhibu mwenye mbwa. Mtu mmoja anasema mbwa ni wa jenerali. Papo hapo mkaguzi anamgeukia aliyeumwa na kumkaripia. Mwingine anasema si wa jenerali, na mkaguzi anageuka tena. Koti analivua, koti analivaa, na hukumu inabadilika kila mara. Hadithi hiyo haiidharau kazi ya polisi. Inamcheka mtu anayeuliza mbwa ni wa nani kabla ya kuuliza haki iko wapi, na polisi mwaminifu atakuwa wa kwanza kuicheka.

Vichekesho hivyo vilikuwa na hatari yake. Mwaka 1885 Chekhov aliandika juu ya sajini mstaafu ambaye hakuweza kuacha kuamrisha watu kijijini, hata akawakataza kuimba na kuwasha taa. Wakaguzi wa maandishi wa serikali ya mfalme waliizuia isitoke katika Oskolki, lakini mwaka huo huo ilichapishwa katika gazeti jingine.

BARUA KUTOKA KWA MZEE

Hata hivyo Chekhov hakujithamini. Mwezi Machi 1886 mwandishi mzee aliyeheshimiwa sana, Dmitri Grigorovich, alimwandikia kumsifu na kumsihi aache kuandika mbio mbio. Chekhov, ambaye sasa alikuwa daktari wa miaka 26, alikiri katika jibu lake kwamba hakumbuki hadithi hata moja aliyoishughulikia kwa zaidi ya siku moja.

Je, baada ya hapo aliacha kuchekesha? La. Alikuwa amekwisha kuanza kukichanganya kicheko na huruma. Januari ya mwaka ule ilitoka hadithi yake ya mwendesha gari la farasi aliyefiwa na mwanawe. Anajaribu kumweleza abiria wake askari, kisha vijana watatu walevi wanaomtania, lakini hakuna mwenye nafasi ya kumsikiliza. Usiku anaingia zizini na kumsimulia farasi wake. Mkono uliozoea mistari mia moja ulikuwa umejifunza kuonyesha msiba kwa maneno machache.

Mwaka 1888 alipewa Tuzo ya Pushkin, na alipofariki mwaka 1904, akiwa na miaka 44 tu, alikuwa amekwisha kuenea sifa.

Basi askari yule na afungue tena daftari lake. Kambini na kituoni visa havikosekani: kuna kuruta aliyempigia saluti mpishi, na kuna mama anayengoja barua isiyofika. Kama ana shaka na kichekesho chake, na ajiulize kama yeye mwenyewe yumo miongoni mwa wanaochekwa. Akiwamo, na aandike bila woga, maana hata asiyemjua atajiona humo.