Paka wa bure ana gharama: Kagua makao kabla ya kuchagua paka

FAMILIA nyingi za mjini na vitongojini hupata paka kwa njia moja. Jirani ana watoto wanne wa paka ndani ya katoni, watoto wa nyumbani wanalia wapewe mmoja, na jioni hiyo hiyo nyau yuko jikoni. Hakuna aliyeuliza umri wake, kama mama yake alichanjwa, wala kama amewahi kushikwa na mtu. Kwa kuwa hakulipiwa hata shilingi moja, anahesabiwa kuwa wa bure.

Hesabu hiyo ina kasoro. Paka mzima wa kilo nne hula takriban gramu 50 hadi 60 za chakula kikavu kwa siku, yaani karibu kilo 20 kwa mwaka. Paka anayetunzwa vyema huishi miaka 12 hadi 15, na wengine hupita hapo. Kwa hivyo mwenye nyumba amejifunga kununua zaidi ya kilo 240 za chakula, au nyama na samaki wa kutosha badala yake. Ugali na maziwa havitoshi. Mwili wa paka hauwezi kujitengenezea taurini ya kutosha, kirutubishi kinachopatikana katika nyama na samaki, na akiikosa kwa muda mrefu macho na moyo wake huharibika.

Ongeza chanjo, dawa za minyoo na viroboto, na upasuaji wa kufunga uzazi. Upasuaji huo ndio wengi huuruka, na ndio unaoleta hasara kubwa zaidi ukirukwa. Jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne au mitano tu. Hubeba mimba kwa wiki tisa hivi, na anaweza kuzaa mara mbili au tatu kwa mwaka. Akizaa wanne kila mara, nyumba iliyopokea paka mmoja itakuwa na wengine wanane hadi 12 katika mwaka mmoja. Hao ndio hurudi ndani ya katoni na kupelekewa jirani mwingine.

Mkulima analijua jambo hili kwa upande wa mbegu. Mahindi yanayopimwa kwa debe sokoni na yale ya pakiti yenye stika ya KEPHIS yanaweza kufanana kabisa machoni. Tofauti hujitokeza shambani, baada ya pesa na mvua kwenda. Anayelipia pakiti analipia habari: aina gani, imetoka wapi, nani ataulizwa ikikataa kuota. Ada inayotozwa na makao ya wanyama yanayoaminika ni ya namna hiyo. Wengi huiona kubwa kwa "paka tu", ilhali ndani yake mna chanjo, dawa na upasuaji ambavyo mwenye paka angelazimika kulipia mwenyewe.

Nchini Kenya, shirika kongwe katika kazi hii ni KSPCA la jijini Nairobi, ambalo mizizi yake ni ya mwaka 1910. Lakini hivi sasa kuna vikundi vidogo vingi vya watu wanaookoa paka mitaani na kuwatafutia nyumba. Vingine hufanya kazi nzuri sana kwa mifuko mitupu. Vingine ni biashara ya watoto wa paka iliyovaa joho la huruma. Kazi ya mnunuzi, maana ni mnunuzi hata kama ada inaitwa mchango, ni kuvitenganisha.

Jambo la kwanza ni kuomba kuona mahali wanyama wanapokaa. Anayekataa, au anayetaka mkutane kituo cha mafuta akiwa na paka kwenye kikapu, afaa kuachwa. Vivyo hivyo anayedai atumiwe pesa kwa simu kabla paka hajaonekana. Ukifika, tumia pua kwanza: harufu kali ya mkojo inayochoma macho ni dalili ya paka wengi kupita uwezo wa mahali hapo. Angalia kama wagonjwa wametengwa na wazima. Mafua ya paka husambaa haraka, na paka mmoja mwenye macho yanayotoa tongo anaweza kuambukiza chumba kizima.

Kisha uliza makaratasi. Kundi lililosajiliwa halioni aibu kuonyesha cheti chake. Uliza jina la daktari wa mifugo anayewahudumia, kwani kila daktari wa mifugo hapa nchini anapaswa kuwa amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya. Kadi ya chanjo isomwe, isitazamwe tu. Kwa kawaida chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa kuanzia wiki 12, hivyo kadi inayodai mtoto wa paka wa wiki sita ameshaipata inafaa kutiliwa shaka. Na mtoto wa wiki sita hafai kutolewa kwa mama yake hata kidogo. Wiki nane ndizo za chini kabisa.

Hata hivyo, dalili iliyo nzito kuliko zote ni maswali. Makao mazuri humhoji mgeni hadi akereke: nyumba ni ya kupanga au yako, mwenye nyumba ameruhusu wanyama, watoto wana umri gani, mkisafiri kwenda mashambani Desemba nani atamlisha? Mengine hutuma mtu kuja kuona nyumba. Wapo wanaouona huu kuwa ujeuri. Ukweli ni kwamba asiyeuliza chochote hajali paka ataishia wapi, na pengine hata watoto wako hakuwafikiria.

Kwa nyumba yenye watoto, tabia ya paka huanza kujengeka mapema sana. Kati ya wiki ya pili na ya saba hivi, mtoto wa paka hujifunza nani si adui. Aliyeshikwa na watu kwa upole katika kipindi hicho huwa mwepesi kukaa na watoto. Aliyezaliwa nyuma ya stoo na kukamatwa akiwa na miezi mitatu anaweza kubaki mwoga maisha yake yote, na paka mwoga akibanwa pembeni huuma. Meno yake membamba huzamisha vijidudu ndani kabisa, na jeraha dogo linaweza kuvimba kufikia kesho yake. Mtoto akiumwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Mbwa ndio huleta sehemu kubwa kabisa ya kichaa cha mbwa kwa binadamu, lakini paka pia huweza kukibeba.

Ndiyo sababu familia yenye watoto wa chini ya miaka mitano inafaa kufikiria paka wa mwaka mmoja au zaidi, badala ya kichanga ambacho mtoto atakigeuza mwanasesere. Tabia ya paka mzima inajulikana tayari, hasa akiwa amelelewa kwa muda katika nyumba ya mtu wa kujitolea. Wapeleke watoto, wakae chini, wasimkimbilie. Paka anayekuja mwenyewe, anayeacha mkia na makucha yake yaguswe bila kupeleka masikio nyuma, ni wa kuzingatiwa. Aliyejikunja nyuma ya kizimba si lazima awe mbaya. Huenda alifika jana. Muulize anayemlisha.

Kabla ya kutia sahihi, tafuta kifungu cha kumrudisha. Makao yanayojiamini huandika kwamba mambo yakishindikana, hata baada ya mwaka, paka arudishwe kwao na asitupwe wala kupewa mwingine.

Wanaoishi mashambani waulize pia kuhusu dawa, kwa sababu wafanyakazi wengi humwosha paka kwa ile ile inayoogeshewa ng'ombe na mbwa. Dawa zenye amitrazi, na nyingi za kundi la pairethroidi, ni sumu kwa paka, na kidonge kimoja cha Panadol kinaweza kumuua. Panya aliyekula sumu stoo akiliwa na paka, sumu humfuata. Mwenye shamba anayetaka paka na sumu ya panya kwa pamoja atalazimika kuchagua kimoja, na makao mazuri yatamwambia hivyo kabla ya kumkabidhi kikapu.