Barabara ipi isubiri: kazi ya meneja katika idara ya uchukuzi ya Minnesota

Idara ya Uchukuzi ya jimbo la Minnesota, kaskazini mwa Marekani, iliundwa mwaka 1976 kwa kuunganisha idara ya barabara kuu, idara ya usafiri wa anga na ofisi nyingine za jimbo. Inatunza barabara kuu zenye urefu wa karibu kilomita 19,000. Kamishna wake huteuliwa na gavana na kuthibitishwa na Seneti ya jimbo. Chini yake kazi imegawanywa kwa njia mbili. Kuna vitengo vya utaalamu, kama vile madaraja, lami na matengenezo, na kuna kanda nane, ikiwemo ya Metro inayohudumia miji pacha ya Minneapolis na St. Paul. Hapo ndipo shida nyingi za meneja zinapoanzia, kwa sababu daraja moja lina wakubwa wawili: mhandisi wa madaraja anayejua hali ya vyuma vyake, na mkuu wa kanda mwenye mafundi, magari na bajeti ya kulitengeneza.

Fedha zinazofika mezani kwa meneja huwa tayari zimefungwa kamba. Katiba ya Minnesota, ibara ya 14, inatenga kodi ya mafuta na ada za usajili wa magari kwa ajili ya barabara. Asilimia 95 ya mfuko huo hugawanywa hivi: asilimia 62 kwa barabara kuu za jimbo, 29 kwa kaunti na 9 kwa miji. Serikali ya shirikisho nayo huchangia, kwa kawaida asilimia 80 ya gharama za mradi unaostahili na 90 kwa barabara kuu zinazounganisha majimbo. Lakini kodi yake ya petroli ni senti 18.4 kwa galoni tangu mwaka 1993. Bei ya lami, saruji na mishahara imepanda miaka yote hiyo, senti zimebaki pale pale. Miradi hupangwa katika mpango wa miaka minne unaohuishwa kila mwaka, na mradi usiokuwamo hauna fedha, hata kama kila mtu anaona mashimo yake.

Msimu wa theluji ndio unaoonyesha kazi hii waziwazi kuliko mwingine wowote. Idara ina magari takriban 800 ya kusukuma theluji, nayo hayawezi kuwa kila mahali kwa wakati mmoja. Kwa hiyo kuna jedwali linalosema, kwa kila aina ya barabara, lami inapaswa kuonekana tena baada ya saa ngapi tangu dhoruba ikome. Barabara inayopitwa na magari zaidi ya 30,000 kwa siku hupewa saa tatu. Yenye magari yasiyofika 800 inaweza kungoja hadi saa 36. Ni waraka mkavu, lakini una ukweli ambao ofisi nyingi za umma hukwepa kuuandika: mkazi wa kijijini ameshaambiwa, kabla theluji haijaanguka, kwamba atasubiri.

Usiku wa dhoruba, msimamizi wa kituo cha magari huangalia zaidi joto la uso wa barabara kuliko joto la hewa. Chumvi hupoteza nguvu kwa kasi joto linaposhuka chini ya nyuzi 9 hivi za Selsiasi chini ya sifuri, na kuizidisha hapo ni kupoteza fedha. Huongezwa kemikali nyingine, au humwagwa mchanga ili magurudumu yapate mshiko. Chumvi yenyewe hulowanishwa kwa maji ya chumvi inapotoka nyuma ya gari. Ikiwa kavu, punje hudunda na kuishia mtaroni. Ikiwa na unyevu, hushika lami na kuanza kuyeyusha barafu mara moja.

Chumvi hiyohiyo inayookoa maisha mwezi Januari ndiyo inayoyala madaraja. Maji yake hupenya kwenye viungio vya sakafu ya daraja, hudondokea ncha za mihimili na kufika hadi nondo zilizomo ndani ya zege. Ndiyo maana baada ya majira ya baridi mafundi huosha madaraja kwa maji mengi. Kitengo kimoja kinapimwa kwa saa za kusafisha barabara, kingine kwa umri wa vyuma. Hasara anayosababisha mkuu wa kile cha kwanza humfika mkuu wa cha pili baada ya miaka mingi, pengine wote wawili wakiwa wamestaafu.

Ukaguzi wa madaraja nchini Marekani ulipewa viwango vya kitaifa baada ya Silver Bridge kuangukia Mto Ohio mwezi Desemba 1967 na kuua watu 46. Kwa kawaida daraja hukaguliwa kila baada ya miezi 24, na sehemu zake kuu hupewa alama kuanzia 0 hadi 9. Alama ya 4 kushuka chini huhesabiwa kuwa hali mbaya. Minnesota ilifuata utaratibu huo. Hata hivyo, tarehe 1 Agosti 2007, saa kumi na mbili na dakika tano jioni, daraja la barabara ya I-35W mjini Minneapolis liliporomokea Mto Mississippi. Watu 13 walikufa na 145 walijeruhiwa.

Uchunguzi wa bodi ya taifa ya usalama wa uchukuzi ulikuta kosa lilikuwa kwenye michoro ya miaka ya 1960. Mabamba ya chuma yanayoshikanisha mihimili yalikuwa na unene wa nusu tu ya uliohitajika. Siku hiyo mkandarasi aliyekuwa akikarabati sakafu alikuwa amerundika vifaa na shehena nzito za mchanga na kokoto juu ya sehemu dhaifu. Picha za ukaguzi za mwaka 2003 zilionyesha baadhi ya mabamba yakiwa yamepinda. Mfumo mzima ulikuwa umezoea kutafuta kutu na nyufa. Hesabu za mbunifu wa kwanza hazikurudiwa. Wala hapakuwa na mwongozo wa wazi kuhusu uzito unaoruhusiwa kurundikwa darajani wakati wa ujenzi.

Mapema mwaka 2008 Bunge la jimbo lilipindua kura ya turufu ya gavana, likaidhinisha nyongeza ya senti 8.5 katika kodi ya mafuta na kuagiza madaraja yaliyochakaa yashughulikiwe kwa ratiba. Daraja jipya lilifunguliwa tarehe 18 Septemba 2008, miezi mitatu kabla ya muda wa mkataba. Zabuni alishinda mkandarasi mwenye bei ya juu kuliko wenzake, kwa sababu ubora wa mpango wake nao ulipewa alama, na mkataba uliweka bonasi ya kumaliza mapema. Meneja aliyezoea kuchukua bei ya chini kabisa hujikuta akieleza jambo hilo mbele ya wakaguzi wa hesabu.

Sheria ya shirikisho ya mwaka 2012 ilitaka kila jimbo liwe na mpango wa kutunza mali zake za barabara. Msingi wake ni kwamba kuipaka tabaka jipya barabara ambayo bado ni nzima ni rahisi mno kuliko kuijenga upya iliyokwisha kuoza. Methali ya ufa na ukuta inaeleza nusu tu ya jambo hili. Ukuta ulioanguka nao upo, kila mtu anauona, na fedha za ufa zinatoka katika mfuko huohuo. Kwa hiyo mbunge wa jimbo huja kuuliza kwa nini mafundi wako kwenye barabara laini huku ya kwao ikizidi kubomoka. Meneja aliyejiandaa humwekea mezani rekodi za hali ya barabara zote mbili, gharama ya kila moja leo na baada ya miaka mitano, na mwaka ambao ile mbovu imewekwa kwenye mpango. Asipokuwa na mwaka wa kumtajia, rekodi nyingine zote hazimsaidii.