Poulsen wa Denmark na jina la Tanga mgongoni

Kila Denmark inapocheza mashindano makubwa, simu ya studio yetu huanza kuita kabla ya mapumziko. Anayepiga anaweza kuwa wa Ngamiani, wa Chumbageni au wa Pangani, lakini swali ni lile lile: "Yule Poulsen, ni kweli ni mtoto wa hapa kwetu?" Ukishamjibu kwamba ndiyo, baba yake alitoka Tanga, linafuata la pili, na hili huulizwa kwa uchungu kidogo: "Sasa kwa nini hakuichezea Taifa Stars?"

Dakika mbili za hewani hazitoshi kulijibu swali hilo. Ndiyo maana tumeliandikia makala haya.

Poulsen yupi?

Tuanze kwa kutenganisha majina, maana Watanzania wameshawajua akina Poulsen kadhaa. Jan Poulsen, kocha kutoka Denmark, aliifundisha Taifa Stars kuanzia mwaka 2010, na mwaka huo huo Tanzania Bara ikatwaa Kombe la Chalenji jijini Dar es Salaam. Mwaka 2012 akampokea Kim Poulsen, naye Mdenmark. Huyu ndiye aliyekuwa benchi Machi 2013 Stars ilipoifunga Morocco mabao 3-1 pale Uwanja wa Taifa. Alirudi tena kuifundisha mwaka 2021.

Majina kufanana kusikuchanganye. Poulsen maana yake ni "mwana wa Poul", na Denmark jina hilo limejaa kama Hamisi na Juma yalivyojaa huku kwetu. Tunayemzungumzia hapa ni mchezaji, na jina lake kamili ni Yussuf Yurary Poulsen. Poulsen amelipata kwa mama. Hayo mawili ya mwanzo ndiyo yanayotuhusu sisi wa Tanga.

Baba baharia

Baba yake, Shihe Yurary, alikuwa mtu wa Tanga aliyefanya kazi kwenye meli za makontena zilizokuwa zikisafiri kati ya Afrika na Denmark. Kwa mji wa bandari hiyo si habari ngeni. Familia nyingi za pwani hii zina mjomba au babu aliyepanda meli, akaleta barua mbili tatu, kisha akatulia nchi ya watu. Shihe alitulia Copenhagen, na huko ndiko Yussuf alikozaliwa tarehe 15 Juni 1994, mama yake akiwa Mdenmark.

Mtoto huyo hakukaa sana na baba yake. Shihe alifariki kwa ugonjwa wa saratani Yussuf akiwa na miaka 6 tu. Malezi yakabaki kwa mama, na mpira akauanzia BK Skjold, klabu ya mtaani hapo Copenhagen. Baadaye akaingia Lyngby, timu ya kaskazini mwa jiji hilo, na mwaka 2011, akiwa na miaka 17, akacheza mechi yake ya kwanza ya timu ya wakubwa.

Kutoka daraja la tatu

Mwaka 2013 Yussuf alifanya uamuzi ambao wengi waliona ni wa kurudi nyuma. Aliondoka Denmark kwenda RB Leipzig ya Ujerumani, iliyokuwa ndiyo kwanza imepanda daraja la tatu. Alikuwa na miaka 19.

Kilichofuata ni ngazi moja baada ya nyingine. Mwaka 2014 Leipzig ilipanda daraja la pili. Mwaka 2016 ikaingia Bundesliga, na msimu wake wa kwanza humo ikamaliza ya pili nyuma ya Bayern Munich. Mwaka 2020 ikafika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya. Mwaka 2022 na 2023 ikabeba Kombe la Ujerumani mara mbili mfululizo. Safari yote hiyo Yussuf alikuwemo. Makocha walikuja na kuondoka, wenzake wakauzwa kwa fedha nyingi, yeye akabaki miaka 12 na kucheza mechi zaidi ya 400.

Hakuwa mfungaji wa kutisha kila msimu. Msimu wake bora ni 2018/19 alipofunga mabao 15 ya ligi, yakiwemo matatu katika mechi moja dhidi ya Hertha Berlin. Lakini kocha yeyote atakwambia thamani ya mshambuliaji mrefu, anayekimbia bila kuchoka, anayekaba kuanzia mbele na kuwafungulia wenzake nafasi. Kazi hiyo haionekani kwenye orodha ya wafungaji, ila timu ikiikosa inajua.

Julai 2025 alihamia Hamburger SV. Hamburg nayo ni bandari, na meli zake zilikuwa zikitia nanga Tanga tangu enzi za Mjerumani. Mtoto wa baharia ameangukia mji wa mabaharia.

Jezi ya Urusi

Siku ambayo watu wengi wa huku walimjua ni tarehe 16 Juni 2018, siku moja baada ya kutimiza miaka 24. Denmark ilikuwa ikicheza na Peru mjini Saransk, Urusi, katika Kombe la Dunia. Mgongoni mwa jezi yake namba 20 palikuwa na jina la baba yake: Yurary. Mwenyewe alieleza kuwa alitaka kumuenzi.

Mechi yenyewe ilianza kumwendea vibaya. Kabla ya mapumziko alimchezea vibaya Christian Cueva ndani ya eneo la hatari, mwamuzi akatazama video na kutoa penalti. Cueva akapiga juu ya lango. Dakika ya 59 Christian Eriksen akampenyezea Yussuf pasi, naye akamaliza kazi. Denmark ikashinda 1-0. Siku tano baadaye, dhidi ya Australia, mpira ulimgonga mkononi, ikawa penalti nyingine na kadi ya njano ya pili, akaikosa mechi ya Ufaransa. Mpira ndivyo ulivyo, leo shujaa, kesho lawama.

Miaka mitatu baadaye, kwenye mashindano ya Ulaya, alifunga dakika ya 2 tu dhidi ya Ubelgiji pale Copenhagen. Ilikuwa siku tano baada ya Eriksen kuanguka katika uwanja huo huo kwa moyo kusimama. Denmark ilifungwa 2-1 siku ile, lakini ilipenya hadi nusu fainali.

Kwa nini si Taifa Stars?

Hapa ndipo penye swali lenyewe, na majibu yako mawili. Moja ni la FIFA, jingine ni la sheria ya uraia.

FIFA inataka mchezaji awe raia wa nchi anayoichezea. Mechi za vijana hazimfungi moja kwa moja. Haji Mnoga, mzaliwa wa Portsmouth, aliichezea Uingereza ya vijana kabla ya kuja Taifa Stars. Mechi za mashindano za timu ya wakubwa ndizo zinazofunga mlango. Tangu 2020 kanuni imelegezwa kidogo: mchezaji anaweza kubadili nchi ikiwa hakuzidisha mechi tatu za timu ya wakubwa, za mashindano na za kirafiki, alizicheza kabla ya kutimiza miaka 21, na miaka mitatu imepita. Lakini aliyekwisha kucheza fainali za Kombe la Dunia hana tena ruhusa hiyo. Yussuf aliingia timu ya wakubwa ya Denmark Oktoba 2014. Kwa mechi ile ya Saransk, mjadala ukafungwa.

Upande wa uraia, Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 hairuhusu Mtanzania mtu mzima kuwa na uraia pacha. Mtoto aliyezaliwa na uraia wa nchi mbili anaweza kuwa nao hadi miaka 18, kisha lazima achague. Denmark nayo, hadi Septemba 2015, haikumruhusu raia wake kuomba uraia wa nchi nyingine bila kupoteza wa kwake. Yussuf alitimiza miaka 18 mwaka 2012. Kijana aliyezaliwa Copenhagen, akalelewa na mama wa Copenhagen, ambaye timu za vijana za Denmark zimeshamwita, angechagua nini? Tusimlaumu kwa kuchagua nyumbani kwao.

Mwaka 2025 sheria zetu zilirekebishwa na kuweka Hadhi Maalumu kwa raia wa nchi nyingine wenye asili ya Tanzania. Hadhi hiyo inawarahisishia kuingia nchini, kukaa na kutumia ardhi. Si uraia, hivyo haimpi mtu haki ya kupiga kura wala ya kuvaa jezi ya Taifa Stars.

Somo kwa wenye ndugu ughaibuni

Yussuf tumeshamkosa, na hatumdai kitu. Lakini hakuwa mtoto wa mwisho wa baharia wa Tanga kuzaliwa ng'ambo. Kama una kaka au binti aliyezaa huko, na mtoto ana kipaji, mambo matatu ni ya kufanya mapema: vyeti vya kuzaliwa na vya uraia wa mzazi vihifadhiwe, ubalozi wa Tanzania uulizwe kuhusu haki za mtoto kabla hajafika miaka 18, na TFF ijulishwe angali kwenye timu za vijana. Akishasimama kwenye Kombe la Dunia na jezi ya wengine, sisi tutabaki kupiga simu redioni.

Na ukiulizwa tena kama Poulsen ni wetu, jibu kwa usahihi: ni Mdenmark, na baba yake ni wa Tanga. Mwenyewe aliliandika hilo mgongoni, dunia nzima ikalisoma.