Fira wa Lunyo na Dawa ya Chumba cha Upasuaji

Mkulima wa Lunyo, katika wilaya ya Busia nchini Uganda, akigongwa na fira katika bonde la mpunga, saa zake huhesabiwa kwa kope za macho. Kope zikilegea, ulimi ukawa mzito na mate yakashindikana kumezwa, sumu imekwisha fika pale mishipa ya fahamu ikutanapo na misuli. Hatimaye hulegea misuli ya kifua, naye mgonjwa hufa kwa kukosa pumzi hali akili yake ingali timamu.

Sisi wa jeshi tulijionea hayo usiku mmoja tulipompeleka askari mwenzetu katika hospitali moja ya mpakani. Seramu ya nyoka haikuwapo. Daktari hakupoteza wakati kuilaumu bohari. Aliagiza neostigmini na atropini kutoka chumba cha upasuaji, nasi tukapokezana kuminya mfuko wa kumpulizia hewa mpaka kulipokucha.

Neostigmini si dawa ngeni. Wataalamu wa nusukaputi huitumia kuirudishia misuli nguvu baada ya upasuaji. Mishipa ya fahamu huiamrisha misuli kwa kemikali iitwayo asetilikolini, na sumu ya fira huziba mlango wa kuipokea. Neostigmini huzuia kimeng'enya kinachoivunja kemikali hiyo, nayo huongezeka hata ikapata kupenya. Atropini huchomwa pamoja nayo ili moyo usipunguze mno mapigo, wala mate yasimkabe mgonjwa.

Lakini wananchi wasidanganyike. Dawa hii haiiondoi sumu mwilini, wala haiponyi nyama iliyooza. Tena sumu ya hongo, yule nyoka wa kijani wa mitini, yenyewe huzuia kimeng'enya kile kile. Hapo neostigmini ni kumwongezea adui risasi.

Vidonge vya varespladibu, vilivyojaribiwa kwa wagonjwa India na Marekani, hupambana na kundi jingine la sumu, ambalo si silaha kuu ya fira wetu katika kulegeza misuli. Kule Kilifi, Kenya, watu 64 wenye afya walijaribiwa unithioli, lakini hiyo yakusudiwa sumu ya nyoka wa jamii ya kifutu. Kwa hiyo, hadi seramu ipatikane, twauthamini mfuko ule wa mpira kuliko vidonge vyote, na kila zahanati ya mabondeni yastahili kuwa nao, pamoja na mtu ajuaye kuuminya.

Askari wetu alifumbua macho siku ya pili. Neno lake la kwanza lilikuwa kuuliza iliko bunduki yake.