Ralanti ya pikapu ya enjeksio: mbele ya kugusa visi, tafuta kwanza kwenye hewa inapitia

Shofere anatoa mguu kwenye akseleratere, motere inaanza kutetemeka, kisha inazimika. Ama inafanya kinyume: gari imesimama, lakini motere inapiga kelele sawa vile mtu anakanyaga. Kwenye garaji, fundi anafungua kapo, anakamata turnavisi na kuzungusha visi ya kwanza yenye anaona. Siku mbili inaonekana sawa. Siku ya tatu mambo yanarudia, na mwenye gari analipa tena.

Kwa pikapu za esansi zenye enjeksio, shida ya ralanti inatoka mara nyingi kwa kitu kingine kuliko visi. Tueleze namna gani.

Ralanti ni nini?

Ni mwendo wa motere wakati gari iko moto, imesimama, na hakuna mguu kwenye akseleratere. Kwa pikapu nyingi za esansi za silinda nne, ni kati ya mizunguko 650 na 850 kwa dakika. Kwa Hilux za zamani zenye motere 22R-E ya lita 2,4 na vitesi za mkono, kipimo cha Toyota ni 750. Kila motere iko na kipimo chake, na mara nyingi kimeandikwa kwenye karatasi yenye imebandikwa chini ya kapo.

Hii si jambo la kelele tu. Ralanti ikiwa chini sana, motere inaweza kuzimika kwenye mteremko. Fikiria kona za Ngomo, kati ya Nyangezi na Kamanyola, pikapu imejaa mizigo na watu. Motere ikizimika, usukani wa hidroliki unakuwa mzito, na freni inabakia na msaada wa kukanyaga mara chache tu, kisha inakuwa ngumu. Ralanti ikiwa juu sana, esansi inaisha bure, gari inasukuma wakati unataka kusimama, na freni zinakwisha mbio.

Enjeksio si karburateri

Kwenye karburateri, fundi alikuwa na visi mbili: moja ya kuacha papiyo wazi kidogo, ingine ya kupima esansi. Wafundi wengi walijifunza kazi pale. Na ilikuwa lazima kurekebisha: Uvira iko karibu metre 800 juu ya bahari, Bukavu karibu 1.500. Kule juu hewa ni kidogo, kwa hiyo karburateri yenye ilipangwa chini inatoa esansi mingi kupita kiasi.

Kwenye enjeksio, ordinatere ya motere njo inafanya hiyo hesabu. Mguu ukitoka kwenye akseleratere, papiyo inajifunga karibu kabisa. Hewa ya ralanti inapita kwenye njia ndogo ya pembeni. Ordinatere inapima hewa yenye inaingia, inaangalia joto la maji ya motere, kisha inaamuru esansi ngapi itoke. Asubuhi motere ikiwa baridi, ralanti inapanda hata kupita 1.200, kisha inashuka polepole. Hiyo si ugonjwa. Usirekebishe kitu mbele motere ipate moto.

Vitu vya kuangalia kwanza

Mipira ya hewa. Mpira mmoja ukipasuka ama ukichomoka nyuma ya papiyo, hewa inaingia bila kupimwa. Ralanti inapanda na kushuka, ama inakataa kushuka. Sikiliza kama kuna mluzi. Unaweza kunyunyizia maji kidogo kwenye viungo vya mipira, mbali na nyaya za buji: ralanti ikibadilika, tundu liko pale. Usinyunyizie esansi hata siku moja, juu motere moto inaweza kuwaka.

Uchafu kwenye papiyo. Mafuta na moshi vinaacha masizi meusi pale hewa inapitia. Njia ikiwa ndogo, ralanti inashuka. Kuisafisha na dawa yake na kitambaa laini inatosha mara nyingi, bila kugusa visi hata moja.

Filtri ya hewa. Kwenye barabara zetu za vumbi inajaa mbio kuliko vile kitabu kinasema. Iangalie mara kwa mara.

Termostati. Hapa kwetu fundi anaweza kuitoa na kuitupa, akisema motere itapoa vizuri. Matokeo yake, motere inachelewa kupata moto ama haifike kwenye joto lake. Ordinatere inafikiri iko baridi bado, inaendelea kutoa esansi mingi, na ralanti inabakia juu. Maji yakiwa kidogo kwenye radiateri, shida inaweza kufanana.

Esansi na buji. Esansi ya bidon kwa makadhafi wa kando ya barabara inaweza kuwa na maji ama petroli ya taa. Silinda moja ikikosa kuwaka, motere inatetemeka, na hakuna visi itaiponya.

Taa ya motere kwenye dashbodi ikiwaka, fundi asome kwanza ile ordinatere imeandika.

Kama gari iko na visi ya ralanti

22R-E iko nayo kwenye chumba cha papiyo: ni visi ya kupunguza ama kuongeza hewa ya ile njia ya pembeni. Fanya hivi:

1. Simamisha gari kwenye uwanja wa sawa, nje. Moshi wa motere unaua ndani ya nyumba yenye imefungwa. Vuta freni ya mkono, weka mawe kwenye magurudumu, toa vitesi.
2. Acha motere ipate moto vizuri. Zima taa, radio na klima. Usukani unyooke. Filtri ya hewa iwe mahali pake.
3. Hakikisha kamba ya akseleratere haivute papiyo.
4. Unganisha chombo cha kupima mizunguko. Sikio peke yake linadanganya.
5. Zungusha visi robo moja tu. Kuifunga kunashusha ralanti, kuifungua kunaipandisha. Kanyaga akseleratere kidogo mara mbili tatu, achilia, ngoja, kisha soma tena.

Ukifunga visi kabisa na ralanti ingali juu, hewa inaingia mahali pengine: rudia mipira. Ukiifungua sana na ralanti ingali chini, rudia uchafu na buji.

Kuna visi ingine ya kuogopa: ile yenye papiyo inaegemea wakati inajifunga, mara nyingi iko na nati ya kuikaza. Inapangwa kwenye kiwanda. Ukiizungusha, ordinatere haitajua tena kama mguu umetoka kwenye akseleratere, na shida mpya zinaanza.

Gari za sasa

Hilux zenye motere 2TR-FE ya lita 2,7 ziko na papiyo ya umeme. Haziko na visi ya ralanti ya kurekebisha kwa turnavisi. Dizeli za D-4D pia, ordinatere ndiyo inaamuru. Ukichomoa batri ama ukisafisha papiyo, ralanti inaweza kusumbua kidogo mpaka ordinatere ijifunze tena.

Ukifika kwenye garaji, uliza maswali matatu mbele ya kukubali bei: umeangalia mipira ya hewa? Termostati ingali ndani? Utapima mizunguko na chombo gani? Na kama fundi atazungusha visi, mwombe atie kwanza alama ya rangi pale ilikuwa, ili mambo yakiharibika irudishwe mahali pake.