Kihisi, soketi, na tofauti ya "kuingia" na "kuoana"

Kihisi (wingi: vihisi) ni kifaa kinachogeuza joto au shinikizo kuwa ishara ya umeme. Gerejini huitwa sensa, neno lenye umbo sawa na sensa ya watu, kama ile ya mwaka 2022, ingawa asili zake ni mbili. Katika maandishi ya kiufundi, kihisi huondoa utata huo.

Soketi ni kiungio cha nyaya kinachochomekwa kwenye kihisi. Plagi haifai hapa, kwani kwa mafundi wengi ni kifaa cha kutoa cheche.

Utata mkubwa zaidi umo katika vitenzi. Lori linapobadilishiwa manifoldi ya kuingizia hewa, tuseme huko Mpale, wilayani Korogwe, kihisi kipya kinaweza kuingia barabara katika soketi ya zamani bila kuoana na injini. Ukinzani wake wa umeme ukitofautiana na ule wa awali, kompyuta ya injini husoma joto lisilo sahihi na kukosea kipimo cha mafuta.

Mfasiri akiandika "hakikisha soketi inaingia", fundi ataridhika mapema. Aandike: "Hakikisha kihisi kinaoana na injini kwa pini na kwa namba, hata kama soketi inaingia."